Eneokazi likikataa kufunguka baada ya kupandisha toleo la Ubuntu: mafunzo ya meza ya fundi, Nairobi

Mteja akileta laptopu na kusema, "Fundi, nilipandisha toleo jana usiku, leo haifunguki," jambo la kwanza kumuuliza ni inafika wapi kabla ya kukwama. Kompyuta ya Linux hupita hatua nne mpaka mtu aone eneokazi (desktop) lake. GRUB, programu ndogo ya kuanzisha mfumo, huchagua kerneli, yaani kiini cha mfumo. Kerneli huwasha vifaa, hasa diski na chipu ya picha. Kisha programu ya kuingilia, ambayo katika Ubuntu ni GDM, huonyesha majina ya watumiaji. Mwisho kikao cha mtumiaji huanza na kusoma mipangilio iliyo ndani ya folda yake ya nyumbani. Ukishajua hatua iliyokwama, umeziacha tatu nyingine kando. Asiyejua huishia kufuta diski na kusakinisha upya, na hapa Nairobi hiyo ni bando la gigabaiti kadhaa kuungua, pamoja na faili ambazo mara nyingi hazina nakala popote.

Mashine nyingi zinazofika mezani ni za ex-UK: EliteBook, ThinkPad na Latitude, na OptiPlex za ofisini na za saiba, zilizonunuliwa kwenye maduka ya Luthuli Avenue au Moi Avenue. Nyingi hutumia chipu ya picha ya Intel, na hiyo ni heri, kwa kuwa draiva yake (programu inayoendesha kifaa) imo ndani ya kerneli yenyewe na haihitaji kujengwa upya. Safari inayosumbua watu zaidi ni ya kutoka Ubuntu 22.04 hadi 24.04. Toleo la 24.04 lilitoka Aprili 2024, ila mashine za 22.04 hazikufunguliwa njia ya kawaida ya kupanda mpaka 24.04.1 ilipotoka Agosti mwaka huo. Kati ya matoleo hayo mawili GNOME, yaani eneokazi la Ubuntu, ilitoka 42 ikafika 46, Python ikatoka 3.10 ikafika 3.12, sauti ikahama kutoka PulseAudio kwenda PipeWire, na mamia ya vifurushi vya maktaba yakabadilishwa majina na kuongezewa t64 mwishoni, kazi iliyofanywa ili mifumo ya biti 32 iweze kuhesabu tarehe za baada ya mwaka 2038. Kasoro nyingi tunazokutana nazo zina mzizi katika mojawapo ya mabadiliko hayo. Mwenye Linux Mint 22 naye yumo, maana msingi wake ni Ubuntu 24.04.

Ingia kwa mlango wa maandishi

Skrini ikiwa nyeusi, au nembo ikizunguka bila kikomo, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Kwenye baadhi ya laptopu lazima ushikilie Fn pia. Ukiona maandishi yanayosema `login:`, mfumo uko hai na kilichokwama ni upande wa picha tu. Andika jina la mtumiaji, kisha nywila. Herufi za nywila hazionekani unapoziandika, na watu wengi hapo hudhani kibodi nayo imeharibika.

Amri ya kwanza humo ndani ni `df -h`, kabla ya nyingine yoyote. Diski iliyojaa huleta dalili za kila aina zisizofanana, na mtu anaweza kupoteza saa nzima akifukuza draiva kumbe hakuna nafasi. Angalia safu ya `Use%` kwenye mstari unaoishia `/` na ule unaoishia `/boot`, kama upo. Mstari wa `/` ukisoma 100%, kikao cha picha hakiwezi kuandika faili zake ndogo, kwa hiyo unaweka nywila sahihi na kurudishwa pale pale bila maelezo. Nafasi ya haraka hupatikana kwa `sudo apt clean`, inayofuta vifurushi vilivyopakuliwa wakati wa kupandisha toleo, na `sudo journalctl --vacuum-size=200M`, inayopunguza kumbukumbu za mfumo. Usifute vitu ndani ya `/var/lib` kwa mkono. Humo ndimo dpkg, programu inayosakinisha vifurushi, huweka daftari la kila kilichosakinishwa, na likipotea hakuna njia nyepesi ya kulirudisha.

`/boot` inayojitegemea hupatikana hasa kwenye mashine ambazo diski yake imesimbwa. Kila kerneli huweka humo faili ya vmlinuz (kerneli yenyewe) na ya initrd (vitu vya kuanzia, zikiwemo draiva), na initrd moja inaweza kupita megabaiti 100. Kerneli za zamani zikirundikana, initrd ya kerneli mpya hukosa pa kuandikwa. Ukiwasha mashine unapata `VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`, na wengi wakiona maneno hayo husema diski imekufa. Diski ni nzima. Washa kwa kerneli ya zamani, toa amri `sudo apt autoremove --purge`, soma nambari kamili ya kerneli mpya kwenye `ls /boot`, kisha `sudo update-initramfs -c -k` ikifuatwa na nambari hiyo, na mwisho `sudo update-grub`. Hatua ya mwisho isirukwe, kwa sababu menyu ya GRUB iliyoandikwa wakati initrd haipo haina mstari wa kuiita.

Kerneli ya zamani ndiyo kipimo

Kama hata Ctrl, Alt na F3 hazileti kitu, rudi mpaka GRUB. Zima, washa, na nembo ya kampuni inapoonekana gonga Esc kwenye mashine za UEFI, au shikilia Shift kwenye zile za BIOS ya zamani. Esc ikigongwa mara nyingi mno utajikuta mbele ya maandishi `grub>`. Andika `normal`, bonyeza Enter, na ugonge Esc mara moja tu. Kwenye menyu ingia Advanced options for Ubuntu, uchague kerneli yenye nambari ndogo kuliko ya juu, ile isiyo na maneno recovery mode.

Eneokazi likifunguka kwa kerneli hiyo, umepata jibu kubwa: vifaa ni vizima, mipangilio yako ni mizima, na kinachokosekana ni draiva iliyojengwa kwa ajili ya kerneli mpya. Hili huwapata hasa wenye kadi za Nvidia, wakiwemo wahariri wa video, na wenye Wi-Fi ya Broadcom. Andika `dkms status`. Matokeo yake huwa mistari michache tu na yanafaa kusomwa polepole: kila mstari una jina la draiva, toleo lake, nambari ya kerneli, na neno `installed`. Ukiona mstari wa 5.15 upo na wa 6.8 haupo, draiva haikujengwa kwa kerneli mpya.

Sababu ya kawaida ni kukosekana kwa vichwa vya kerneli, yaani zile faili zinazohitajika ili draiva iweze kujengwa. Hapa pana mtego. Maelekezo mengi husema usakinishe `linux-headers-$(uname -r)`, lakini wewe sasa umewasha kerneli ya zamani, kwa hiyo amri hiyo itakuletea vichwa vya kerneli ile ile ya zamani na hakuna kitakachobadilika. Sakinisha `linux-headers-generic`, au `linux-headers-generic-hwe-24.04` kama uko kwenye mkondo wa HWE (kerneli mpya zaidi ndani ya toleo lile lile), maana hivyo hufuata kerneli mpya. Kisha `sudo dkms autoinstall -k` na nambari ya kerneli mpya. Ikigoma, fungua `make.log` iliyo chini ya `/var/lib/dkms`, ndani ya folda ya draiva husika, utafute mstari wa kwanza wenye neno `error`. Wa kwanza, si wa mwisho. Mistari inayofuata huwa ni matokeo ya ule.

Sababu ya pili ni Secure Boot, ulinzi unaokagua sahihi za programu mashine inapowaka. Draiva imejengwa vizuri ila kerneli inaikataa kwa kuwa haina sahihi inayotambulika. Utaona `Key was rejected by service` ukijaribu `sudo modprobe nvidia`. Thibitisha kwa `mokutil --sb-state`. Kisha agiza ufunguo wa sahihi kwa `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, weka nywila ya muda utakayoikumbuka, na uwashe upya. Skrini ya bluu itatokea. Watu huiogopa na kubonyeza Continue boot, na ombi linapotea. Chagua Enroll MOK, kisha Continue, kisha Yes, weka nywila ile ya muda, na uache mashine iwake upya. Ikiwa skrini ile ilishapita, rudia amri ya kuagiza ufunguo. Haitajitokeza yenyewe mara ya pili.

Kadi za zamani zinazotegemea draiva ya Nvidia ya mfululizo wa 390 ni kisa kingine. Nvidia iliacha kuutunza mfululizo huo mwishoni mwa 2022, na hakuna faida ya kuulazimisha uende na kerneli mpya. Toa vyote kwa `sudo apt purge '^nvidia-.*'`, ondoa `/etc/X11/xorg.conf` kama ipo, pekua `/etc/modprobe.d` uone kama kuna faili inayopiga marufuku nouveau (draiva huria ya kadi za Nvidia), kisha `sudo update-initramfs -u`. Utapoteza kasi ya michezo na ya kuhariri video, lakini kazi za ofisi zitaendelea.

Ikiwa hakuna kerneli ya zamani iliyobaki, kwenye menyu ya GRUB bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, ongeza `nomodeset` baada ya `quiet splash`, na ubonyeze F10. Picha itakuwa kubwa na nzito. Hilo ni daraja la kukufikisha kwenye matengenezo. Tumewahi kupokea mashine zilizoachwa hivyo kwa miezi, wenyewe wakidhani kompyuta imezeeka.

Wenye Intel nao wana kisa chao. Miaka iliyopita ilikuwa kawaida kuweka faili `/etc/X11/xorg.conf.d/20-intel.conf` yenye `Option "TearFree" "true"` ili video zisikatike katikati ya skrini. Faili hiyo huita draiva ya X (mfumo unaochora picha kwenye skrini) iitwayo `intel`. Baada ya kupandisha toleo, draiva hiyo ikiwa haipo, X hufa na kuandika `no screens found` kwenye `/var/log/Xorg.0.log` au `~/.local/share/xorg/Xorg.0.log`. Tafuta mistari yenye `(EE)`. Dawa ni kuihamisha faili hiyo nje ya folda. Mfumo utachagua draiva ya `modesetting` wenyewe, nayo inatosha kabisa.

Nywila inakubaliwa, kisha unarudishwa pale pale

Hapa kerneli iko sawa, GDM au LightDM iko sawa, na tatizo liko kwenye kikao. Kama diski haijajaa, fanya jaribio moja linalookoa muda kuliko jingine lolote: tengeneza mtumiaji mpya. Kwenye skrini ya maandishi andika `sudo adduser mgeni`, rudi kwenye picha kwa Ctrl, Alt na F1 (F7 kwenye LightDM), na uingie kwa jina hilo. Mgeni akiingia vizuri, programu zote za mfumo ni nzima na ugonjwa umo ndani ya folda ya nyumbani ya mwenye mashine. Mgeni akikataliwa pia, usiguse folda ya mtu; ugonjwa ni wa mfumo mzima, na `journalctl -b -p err` ndiyo ya kusoma.

Folda ya nyumbani ikiwa ndiyo mshukiwa, anza na umiliki wa faili. Kwenye Xubuntu na Mint, zinazotumia LightDM, andika `ls -l ~/.Xauthority`. Mstari mzima huonekana hivi:

`-rw------- 1 root root 53 Mar  4 21:10 /home/jina/.Xauthority`

Maneno mawili ya kati yangepaswa kuwa jina la mtumiaji. Yakiwa `root root`, kikao cha mtumiaji hakiruhusiwi kusoma faili yake mwenyewe. Hutokea mtu anapofungua programu ya picha kwa `sudo`, jambo ambalo wengi hulifanya wakati wa kupandisha toleo wakidhani linaongeza nguvu. Tafuta zote kwa mkupuo: `sudo find ~ -user root -ls`. Zirudishe kwa `sudo chown` kwenda kwa mwenyewe, kisha ujaribu tena kuingia.

Halafu soma `~/.profile`. Wanafunzi wa programu huweka humo mistari ya `export PATH=` kwa ajili ya Java, Android au Flutter. Mstari ukiandikwa bila `$PATH` ndani yake, unafuta njia za mfumo, na kikao hakiwezi kuzipata hata programu zake za kuanzia. Weka alama ya `#` mbele ya mstari unaoushuku. Hakuna haja ya kuufuta.

Kwenye GNOME, mshukiwa mkuu ni viendelezi (extensions). GNOME 45 ilibadilisha namna viendelezi vinavyoandikwa, kwa hiyo kila kilichoandikwa kwa ajili ya 42 kilibidi kifanyiwe marekebisho na mwandishi wake ili kifanye kazi kwenye 46. Vingi huzimwa kimya. Upau wa chini ukitoweka au menyu ikibadilika, hakuna kilichoharibika. Lakini mtu akikilazimisha kiendelezi kwa kuhariri `shell-version` ndani ya `metadata.json`, anaweza kuiangusha GNOME nzima. Kwenye skrini ya maandishi, `mv ~/.local/share/gnome-shell/extensions ~/viendelezi-vya-zamani` inatosha. Bado tatizo lipo? Hamisha na `~/.config/monitors.xml`, ambayo hukumbuka skrini na projekta za zamani, kisha `~/.config/dconf`. Tunasema hamisha, si futa, kwa sababu mtu akishaingia mara nyingi atataka baadhi ya mipangilio yake irudi.

Kwenye Xfce, eneokazi la Xubuntu, dalili inayotisha ni madirisha yaliyopoteza upau wa juu, ule wenye alama ya kufunga. Ni msimamizi wa madirisha ambaye hakuanza. Fungua terminali, andika `xfwm4 --replace &`, na upau unarudi papo hapo. Ili usipotee tena kesho, toka kwenye kikao, ingia kwa skrini ya maandishi, na ufute `~/.cache/sessions`.

Stima ikipotea katikati

Hili ndilo linaloharibu mashine nyingi zaidi mjini, na linazuilika. Kabla ya kuanza, pima betri kwa `upower -i $(upower -e | grep BAT)`. Usiangalie `percentage`, ambayo ni chaji ya sasa. Angalia `capacity`, inayoonyesha betri imebakiza sehemu gani ya uwezo iliyozaliwa nao. Laptopu ya ex-UK inaweza kusoma chaji 100% huku capacity ikiwa chini ya 40%, na betri ya namna hiyo haiwezi kubeba kazi iliyobaki ukiwa gizani. OptiPlex haina betri kabisa. Bila UPS usianze.

Stima ikipotea, vifurushi hubaki katika hali tatu: vilivyokamilika, vilivyofunguliwa bila kupangwa, na ambavyo havijaguswa. Dpkg inajua ni vipi viko wapi, kwa hiyo kazi inaweza kuendelea pale ilipoachwa. Ingia GRUB, Advanced options, recovery mode, kisha root. Diski hapo huwa ya kusomwa tu, kwa hiyo anza na `mount -o remount,rw /`. Halafu kwa mpangilio huu: `dpkg --configure -a`, `apt --fix-broken install`, `apt full-upgrade`, `update-initramfs -u -k all`, `update-grub`. Mpangilio una maana. Ukianza na `apt full-upgrade` itakataa mpaka dpkg imalize yaliyosimama njiani. Kifurushi kimoja kikigoma na kuzuia vingine vyote, jina lake liko kwenye mistari ya mwisho ya `/var/log/dist-upgrade/apt-term.log`, mara nyingi ni cha nje ya Ubuntu, kikiondolewa njia inafunguka.

Dpkg ikiuliza kama ubakize faili yako ya mipangilio au uchukue mpya, na hukumbuki kuwahi kuibadilisha, chukua mpya. Hata hivyo hakuna kinachopotea: ya zamani huachwa pembeni ikiwa na `.dpkg-old` mwishoni, na utaziona zote kwa `sudo find /etc -name '*.dpkg-*'`.

Mashine isipofika hata recovery, tumia flashi ya Ubuntu. Chagua Try Ubuntu, tambua sehemu ya diski kwa `lsblk -f`, iweke kwenye `/mnt`, kisha unganisha `/dev`, `/proc`, `/sys` na `/run` kwa `mount --bind`, uingie kwa `chroot /mnt`. `/boot` na `/boot/efi` zikiwa zinajitegemea, ziweke nazo kabla ya kutoa amri, vinginevyo initrd mpya itaandikwa mahali ambapo GRUB haitaiona kamwe. Kutoka hapo amri ni zile zile.

Kwenye OptiPlex kuna jambo linalofuatana na stima: betri ndogo ya saa, CR2032 ya volti 3, iliyokwisha nguvu. Umeme ukirudi, saa inarudi miaka nyuma, na `apt update` inakataa ikisema faili ya Release `is not valid yet`. Vivinjari navyo vinalalamikia vyeti vya tovuti. Mtu anaweza kubadilisha seva za Ubuntu kutwa nzima bila mafanikio. Andika `date` kwanza. Betri hiyo huuzwa kwa bei ndogo hata kwenye maduka ya saa.

Intaneti, sauti na mengine

Wi-Fi ikitoweka, usihangaike kutafuta waya wa mtandao. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa USB tethering, na Linux itaiona kama mtandao wa waya bila kusakinisha draiva yoyote. `nmcli device status` itaonyesha `usb0` au jina linaloanza na `enx`. Kabla ya kusakinisha chochote linda bando kwa `sudo snap set system refresh.metered=hold`, kisha uuwekee muunganisho huo alama ya kulipiwa kwa `nmcli connection modify`, kipengele `connection.metered`, thamani `yes`. Bila hivyo snap (programu za Ubuntu zinazojisasisha zenyewe) zinaweza kuanza kujisasisha nyuma yako na bando likaisha kabla hujafika kwenye draiva. Chipu ya Wi-Fi itambue kwa `lspci -nnk`. Ikiwa Broadcom, `sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source` huijenga upya, na ikigoma rudi kwenye maelezo ya vichwa vya kerneli hapo juu. Kwa wenye Debian, waliopanda kutoka 11 hadi 12 wanahitaji kuongeza neno `non-free-firmware` kwenye vyanzo vya apt, kwa kuwa famuwea (programu za ndani ya vifaa) zilihamishiwa sehemu hiyo mpya.

Sauti ikisoma Dummy Output, uliza ni seva gani inayofanya kazi: `pactl info | grep "Server Name"`. Jibu linapaswa kutaja PipeWire. Likitaja PulseAudio peke yake, seva ya zamani na mpya zinagombania kadi moja. Andika `systemctl --user --now disable pulseaudio.service pulseaudio.socket`, kisha `systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber`. Amri hizi zitolewe bila `sudo`, maana sauti ni ya kikao cha mtumiaji. Mara nyingine kila kitu ni kizima ila sauti inaelekezwa kwenye HDMI, hamisha `~/.local/state/wireplumber` kando na utoke kwenye kikao.

Terminali ikikataa kufunguka huku programu nyingine zinafunguka, angalia `ls -l /usr/bin/python3`. Katika Ubuntu, amri ya `gnome-terminal` ni hati ndogo ya Python, na aliyeelekeza `python3` kwenye toleo alilojisakinishia ameiondolea maktaba zake. Irudishe iwe Python ya mfumo, `sudo ln -sf python3.12 /usr/bin/python3`, na matoleo mengine uyaweke kwenye `venv`. Kiungo hicho hicho kikielekea pasipo sahihi, huzuia hata `do-release-upgrade`, amri ya kupandisha toleo, kuanza.

Thunderbird ikifunguka tupu kana kwamba barua zote zimepotea, tulia. Katika 24.04 imehamia snap, na folda yake sasa ni `~/snap/thunderbird/common/.thunderbird`. Barua za zamani bado zimo ndani ya `~/.thunderbird`. Funga programu, nakili yaliyomo kwenda folda mpya, kisha `thunderbird -P` uchague wasifu wa zamani. Programu za AppImage nazo zikikataa, zinahitaji `libfuse2t64`. Usisakinishe kifurushi kiitwacho `fuse` peke yake. Huondoa fuse3, na inaweza kung'oa sehemu za GNOME pamoja nayo.

Programu kutoka vyanzo vya nje zisizosasishwa tena hazijaharibika. Upandishaji huzima vyanzo hivyo kwa makusudi. Ndani ya `/etc/apt/sources.list.d` utaona mistari iliyowekewa `#` au maneno `Enabled: no`. Washa kimoja kimoja baada ya kuhakikisha kina toleo la noble, jina la 24.04.

Printa huja mwisho, kwa kawaida mtu anapotaka kuchapisha kitu cha haraka. LaserJet 1020, ambayo bado iko kwenye ofisi nyingi ndogo mjini, hutegemea plugini ya HPLIP (programu ya printa za HP kwenye Linux) inayobeba famuwea yake, na toleo la plugini lazima lilingane na la HPLIP. Ukipandisha mfumo, HPLIP inapanda na plugini inabaki nyuma: kazi inapita kwenye foleni, na karatasi haitoki. Endesha `hp-plugin -i`, kubali masharti, kisha zima printa na kuiwasha tena, kwa sababu famuwea hutumwa upya kila inapowashwa.